Kongowea nikikataa bei naondoka zangu. Shuleni, hospitalini na mahakamani je?

MamaWaViazi (mwanzilishi wa uzi), Jumapili saa tatu usiku

Asalaam aleikum na hamjambo nyote, wa kisiwani, wa Likoni, wa Changamwe na wa huku kwetu Kisauni.

Mimi nauza viazi soko la Kongowea hapa Mombasa, jumla na rejareja, na huu ni mwaka wa kumi na tisa. Nasema mapema asije mtu akadhani nalichukia soko. Soko limenilea. Limenisomeshea watoto wawili na kunijengea vyumba vitatu Mishomoroni. Nikisikia mtu atukana wafanyabiashara kama kwamba sote ni wezi, huumia kweli.

Wiki iliyopita nilisikiliza mjadala redioni. Msomi mmoja alisema serikali yafaa itoke kwenye kuendesha shule na hospitali, na hata kazi nyingine za haki kama magereza, iwape wananchi pesa wachague wenyewe, washindani wagombanie wateja. Nilikuwa nachambua viazi, nikaacha. Nusu ya maneno yake naijua kuwa kweli kwa mikono yangu. Nusu ya pili ilinikwama kooni, na siku nne hizi sijapata usingizi mzuri kwa kuitafakari.

Nusu ya kweli ni hii. Lori likishusha alfajiri, mwenye hoteli aja kwangu auliza bei. Akiona ghali hata hanijibu, ageuka aenda kwa jirani yangu, hatua tano tu. Zile hatua tano ndizo zinazonifanya nitoe viazi vilivyooza chini ya gunia. Hakuna afisa wa kaunti anayenisimamia. Namwogopa mteja na miguu yake.

Sasa mwanangu wa kwanza nilimwanzisha shule ya serikali. Darasani walikuwa zaidi ya themanini. Muhula mzima mwalimu hakumjua kwa jina, na simlaumu, nani aweza? Nikamhamisha nikampeleka akademi, yaani shule ya binafsi. Kilichoniuma ni kwamba nilipoenda kuchukua barua ya uhamisho hakuna aliyeniuliza kwa nini. Kongowea mteja wa miaka mitatu akikuacha wamwita, "Mama, njoo tuelewane." Pale nilipigiwa mhuri nikaaga. Akademi, siku mtoto alipokosa masomo kwa homa, saa mbili na nusu simu ililia. Kwa hivyo yule msomi akisema mzazi apewe uwezo wa kuondoka, mimi ni shahidi wake.

Lakini miaka miwili baadaye mamangu alipata kiharusi saa nane usiku. Tukampakia kwenye tuktuk hadi hospitali ya binafsi iliyo karibu. Dirishani wakataka amana ya shilingi 50,000 kabla hajapokewa. Kwenye simu nilikuwa na 31,000. Mamangu mdomo umepinda, mate yamtoka, nami nimesimama pale naomba bei kama niko sokoni. Zile hatua tano zilikuwa wapi? Ningemgeuza nimpeleke kwa jirani? Tulipoteza karibu saa nzima, mwishowe tukavuka daraja hadi hospitali ya serikali. Aliishi, ila mkono wa kulia hakuutumia tena hadi alipofariki.

Na jambo la tatu ni lumbesa. Wenzangu wa soko wajua. Gunia lashonewa kilemba juu hadi mtu hajui kama anunua gunia moja au moja na nusu. Mkulima aliumia miaka na miaka, na nitakuwa muwazi, mimi mnunuzi nilifaidika. Kanuni za mwaka 2019 zikasema gunia la viazi lisizidi kilo 50. Hata hivyo, asiposimama mtu wa mizani, kilemba chachomoza tena. Soko lenyewe halikuondoa lumbesa kwa sababu sisi wenye nguvu ndani yake hatukuwa na haja ya kuiondoa.

Basi naomba tuzungumze kwa utaratibu. Ni wapi soko huria lafaa katika elimu, matibabu na haki, na ni wapi laua watu? Sitaki majibu ya "serikali ni wezi" wala "matajiri ni wezi". Hayo tushayasikia.

---

KijanaTudor

Mama, shikamoo, na pole kwa bibi. Mimi nimesomea uchumi na ni mmoja wa wanaoamini soko huria, kwa hivyo niruhusu nilitetee vizuri, maana redioni husemwa vibaya.

Milton Friedman alipoandika juu ya elimu mwaka 1955 hakusema serikali iache kulipa. Alisema kulipia shule na kuendesha shule ni kazi mbili. Serikali yaweza kutoa vocha, yaani hati ya kulipia karo, kwa kila mtoto, mzazi aipeleke shule anayoitaka, ya serikali, ya kanisa, ya msikiti au ya mtu binafsi. Sweden ilianza hivyo mwaka 1992, na hiyo si nchi ya watu wasiojali maskini.

Sasa tazama kwetu. Tangu Januari 2003 elimu ya msingi ni bure. Serikali imepanga shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi na 22,244 kwa wa sekondari. Nimezaliwa na kulelewa mtaa wa Moroto, pale chini ya Tudor. Mimi na wadogo zangu tulisoma shule ya mabati ya mwalimu mmoja mwanamke aliyeanza na watoto kumi na wawili kwenye sebule yake. Mamangu alikuwa akifua nguo za watu na kulipa karo kila wiki, shilingi hamsini hamsini. Zile 1,420 hazikutufikia hata siku moja, kwa kuwa shule yetu haikuwa ya serikali. Huku kila akinunua sabuni alikuwa akilipa kodi. Yaani alilipia shule mbili, na ile aliyoilipia kwa kodi ilikuwa mbali na imejaa.

Mtu aniambie haki iko wapi hapo. Naomba tu pesa zimfuate mtoto. Kuuza shule za umma sijasema.

---

Chaki_Mkononi

KijanaTudor, umenigusa, na mwalimu wako yule Mungu amlipe. Mimi ni mwalimu wa shule ya umma, mwaka wa ishirini na mbili, na hilo la pesa kumfuata mtoto wa Moroto sina neno la kulipinga.

Ila hukutaja Chile, nayo ndiyo ilijaribu kwa upana kuliko nchi nyingi. Walianza mwaka 1981, wakati wa utawala wa kijeshi. Serikali ililipa kwa kila mtoto, shule ya binafsi au ya manispaa, zote sawa. Shule za binafsi zikachipuka, zaidi ya elfu moja. Kisha katika miaka ya tisini shule zilizopokea pesa za umma zikaruhusiwa kuwatoza wazazi nyongeza juu ya vocha, na shule ziliweza kuchagua nani aingie. Watafiti wawili, Hsieh na Urquiola, walipopima matokeo mwaka 2006 hawakuona kwamba wastani wa nchi nzima umepanda kwa sababu ya ushindani. Walichokiona ni kwamba watoto wa wenye nafasi walihama, wakawaacha nyuma walio dhaifu. Wanafunzi wakamwagika barabarani mwaka 2006, wakarudi tena 2011, na mwaka 2015 sheria ikaanza kuondoa mambo matatu katika shule zinazolipiwa na serikali: nyongeza ya karo, uchaguzi wa wanafunzi, na faida.

Mimi hapa shuleni naliona jambo hilo kwa udogo. Akademi inapofunguliwa kando yetu, anayehama kwanza ni mtoto ambaye mamake huja kuuliza. MamaWaViazi, nisamehe nikisema hivi, wewe ulipoondoka hukuondoka na mtoto tu. Uliondoka na ule mdomo wako. Mzazi kama wewe akibaki kwenye kikao, mwalimu mkuu hutetemeka. Wote wakihama, wanaobaki ni watoto ambao nyumbani hakuna mtu wa kuja kuuliza chochote. Nami nabaki nao.

---

MamaWaViazi

Mwalimu, hilo limeniingia. Sikuwahi kulitazama hivyo. Nilijiona mimi nimenyanyaswa nikaondoka, basi. Sikuwaza waliobaki kwenye madawati.

Lakini niulize, ningemwacha mwanangu pale kwa ajili ya watoto wa wenzangu? Hakuna mama atakayefanya hivyo. Kwa hivyo dawa haiwezi kuwa kunifungia mlango.

---

Chaki_Mkononi

Kweli, na sikutaka ufungiwe. Nasema mlango wa kutoka peke yake hautoshi. Zile pesa za mgao wa serikali kwa kila mtoto, walimu wakuu walalamika kila muhula kwamba huja pungufu na huja zimechelewa, na hakuna mzazi ajuaye ni kiasi gani kimefika. Kama kila mzazi angejua, hata yule asiyeweza kuhama angekuwa na la kuuliza.

---

KijanaTudor

Mwalimu, Chile naijua na sitaificha. Kosa lao lilikuwa kuruhusu shule ichague mtoto badala ya mtoto kuchagua shule. Na wao wenyewe mwaka 2008 waliongeza vocha ya watoto maskini iwe kubwa kuliko ya wengine, ili shule ione faida kuwapokea. Hilo ni soko pia, soko lililonyooshwa. Mtu akishona kanzu ikabana mabega, apunguza au apanua mshono. Haachi kuvaa kanzu.

Juu ya afya nawaachia wenye ujuzi, ila nataja Singapore. Tangu 1984 kila mfanyakazi huweka akiba yake ya matibabu kwenye akaunti yake mwenyewe. Ni pesa zake, kwa hivyo huzitumia kwa uangalifu, na nchi ile afya yake ni ya kuigwa.

---

NesiLikoni

Nimerudi zamu ya usiku, nitaandika kwa kirefu kisha nilale.

Mama, kwanza lile la dirishani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Haikusema "akiwa na amana". Ulidhulumiwa, na ujue ulidhulumiwa kisheria. Hata kumzuilia mgonjwa kwa deni baada ya kumtibu, Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2015, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa hospitali ya uzazi ya Pumwani kule Nairobi, kwamba ni kinyume cha Katiba.

KijanaTudor, ile akiba ya Singapore ni ya lazima. Serikali yamkata mtu mshahara apende asipende, na wagonjwa wengi wanaolazwa hulazwa kwenye hospitali za umma. Ukiondoa ulazima na ukiondoa hospitali za umma, Singapore haibaki. Hapa kwetu pia tangu tarehe 1 Oktoba 2024 twakatwa asilimia 2.75 ya kipato kwa ajili ya bima mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, na asiye na mshahara alipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Muuza mahamri wa Mtongwe, mwezi wa Ramadhani na mwezi wa mvua si sawa kwake, na michango ya mwaka yatakiwa kwa mpigo. Hilo la mpigo ndilo linalowatoa wengi.

Sasa nataka kusema jambo ambalo wachumi wenyewe walilithibitisha hapa hapa Kenya. Watafiti Cohen na Dupas walifanya jaribio kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa nchi. Kliniki nyingine zilitoa chandarua bure, nyingine zikauza kwa bei ya ruzuku, ya juu kabisa ikiwa shilingi 40. Nadharia ilikuwa kwamba mtu akilipa atakithamini, atakitumia kweli, wala hatakigeuza wavu wa samaki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Bei ilipopanda kutoka bure hadi shilingi 40, waliochukua walipungua kwa asilimia 60 nzima. Na waliolipa hawakukitumia zaidi ya waliopewa bure. Shilingi 40 wakati ule ilikuwa nauli fupi ya matatu. Na chandarua changu chakukinga wewe jirani yangu pia, kwa sababu mbu hakuuliza nani alilipa.

Bibi zetu wakumbuka mwaka 1989 serikali ilipoanza kutoza ada hospitalini. Kwenye kliniki moja ya Nairobi ya magonjwa ya zinaa, wanaume waliohudhuria walishuka hadi kama asilimia 40 ya idadi ya awali. Hawakupona, jamani. Walikwenda na ugonjwa wao nyumbani kwa wake zao.

Ila sisi wa hospitali za umma nasi tuna aibu yetu, nami siifichi. Mgonjwa amelazwa bure, kisha aambiwa akanunue glavu, bomba la sindano na dawa nje ya geti. Hiyo ni bei, tena bei mbaya kuliko zote kwa kuwa haikuandikwa popote. Mama mmoja alikuja kujifungua na mfuko wake wa plastiki wenye pamba na nyembe, akanionyesha kwa fahari kwamba amejiandaa. Nililia kwenye choo cha wauguzi. Nilisomea kazi hii nimpokee, na yeye ashajua kwamba sina kitu cha kumpokea nacho.

---

MamaWaViazi

Nesi, Mungu akupe nguvu. Lala.

Naona tofauti inaanza kutokea. Mtoto wa shule nina miaka mingi ya kumtazama. Nikikosea akademi mwaka huu, mwakani namhamisha. Mgonjwa wa kiharusi nina saa tatu. Na daktari akiniambia mamangu ahitaji kipimo fulani, mimi sijui kama ni kweli au aniuzia. Kiazi nakikata nakitazama moyo. Kipimo cha kichwa nakitazama vipi?

---

KijanaTudor

Mama, hilo ulilosema ndilo Kenneth Arrow aliliandika mwaka 1963, kwamba matibabu si bidhaa kama nyingine kwa sababu mnunuzi hajui anachonunua, hajui lini atakihitaji, na muuzaji ndiye huyo huyo mshauri wake. Wewe umelifikia kutoka Kongowea. Kwa dharura nakubali, sina hoja. Kwa meno, miwani, vipimo vya kawaida, kliniki za mtaani, bado naona ushindani unafaa, na bei ziandikwe ukutani.

---

KaraniWaKorti

Nimefanya kazi za korti hapa mjini miaka mingi. Wengi wakisikia "soko katika haki" hushtuka, kumbe lipo zamani. Wafanyabiashara wa bandarini wana mikataba inayosema mzozo ukitokea uende kwa msuluhishi wanayemlipa wenyewe. Mikataba mingi ya kukodi meli hupeleka mizozo London. Tuna Sheria ya Usuluhishi ya 1995, na Katiba kifungu cha 159 yazitaka korti zihimize usuluhishi na njia za kienyeji. Kwa watu wawili wenye uwezo sawa, waliokubaliana kabla ya kugombana, ni njia nzuri na ya haraka.

Lakini uamuzi ule ukitoka, aliyeshindwa akikataa kulipa, warudi wapi? Warudi kortini. Msuluhishi hana polisi. Bila korti ya umma nyuma yake, karatasi yake ni ya kufungia kashata.

Na palipoingizwa faida kwenye kufunga watu, tazameni Luzerne, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Majaji wawili, Ciavarella na Conahan, walipokea karibu dola milioni 2.8 kutoka kwa waliojenga na kumiliki vituo vya binafsi vya kufungia watoto. Watoto wakawa wanapelekwa huko kwa makosa ya utundu wa shuleni, wengi bila wakili. Yalipofichuka, hukumu za maelfu ya watoto zilifutwa, na mwaka 2011 Ciavarella akafungwa miaka 28. Mwenye kituo ahitaji vitanda vijae. Mwenye hoteli hapa Nyali naye ahitaji vitanda vijae, ila mgeni wake aweza kufungua mlango akaenda zake.

Kwetu hatuna gereza la binafsi, ila bei ishaingia kwa mlango mwingine. Vijana wawili wakamatwa kwa kosa moja, wapewa dhamana ya pesa taslimu sawasawa, 20,000. Mmoja jioni yuko kwao anywa chai. Wa pili aenda gereza la Shimo la Tewa, akae miezi hadi kesi isikizwe, na kazi yake ya kubeba mizigo ishapotea. Hakimu hakuhongwa wala sheria haikuvunjwa. Na bado mmoja alinunua uhuru na mwingine alikosa. Nimewaona wengi, na sijawahi kuzoea.

---

MamaWaViazi

Karani, mimi korti nilikuwa naiogopa kama kaburi. Mwaka juzi hoteli moja ilichukua magunia yangu kwa mkopo miezi minne ikakataa kulipa. Laki mbili na themanini. Kijana fulani akaja akaniambia ana watu wake, watanikusanyia deni, wachukue theluthi. Nikamuuliza watakusanya vipi, akacheka tu. Nilikataa, kwa sababu mtu anayetisha kwa ajili yangu leo kesho atanitisha mimi kwa ajili ya anayemlipa zaidi. Nikaenda mahakama ya madai madogo. Sikuweka wakili. Niliingia na daftari langu la mauzo na jumbe za simu.

---

KaraniWaKorti

Hongera, mama. Kwa wasioijua, sheria yake ni ya 2016, ilianza kazi Nairobi mwaka 2021, nayo yasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na yatakiwa kuamua ndani ya siku sitini. Kwa muuzaji mdogo, naona hiyo imesaidia soko huria kuliko hotuba nyingi. Na ni serikali iliyoiunda.

---

MzeeWaKibokoni

Nimewasoma tangu jana, wanangu. Nawapongeza kwa adabu. Nina mawili.

La kwanza, mwasema soko na serikali kama kwamba dunia ina milango miwili. Mji huu ulikuwa na wa tatu, nao ni wakfu. Mtu hutoa nyumba au shamba, husema kodi yake iende madrasa, au kisima, au mayatima, na tangu siku hiyo mali ile haiuzwi, hairithiwi. Tume ya Wakfu ipo hapa hapa Mombasa. Wahindi wetu nao walikuwa na njia zao. Shule ya Allidina Visram ilijengwa na mwanawe kwa kumbukumbu ya babake, ikafunguliwa mwaka 1923. Chuo Kikuu cha Kiufundi hapo Tudor kilianza kama taasisi ya mafunzo ya Waislamu, wanafunzi wa kwanza wakiingia 1951, kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Kibohora, pamoja na fedha za serikali ya kikoloni. Hapo mteja hakununua wala serikali haikufanya peke yake. Na wakfu nao wahitaji macho. Tumeona mali za wakfu zikiyeyuka msimamizi akikosa wa kumuuliza.

La pili lanihusu. Soko huria lasimama juu ya umiliki, sivyo? Sasa mwaka 1908 waliweka sheria ya kusajili ardhi ya Pwani. Aliyefika mbele ya msajili akiwa na karatasi na lugha ya ofisini alipata hati. Aliyekuwa na minazi aliyopanda babu yake na hana karatasi, wengi wao walitoka bila kitu. Ndiyo maana Majengo na mitaa mingi mtu ajenga nyumba yake, airithisha, aiuza, na ardhi chini yake ni ya mwingine, amlipa kodi ya kiwanja. Nyumba bila ardhi, twaita. Mimi mwenyewe nilizaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Benki haikopeshi juu ya kuta zisizo na kiwanja. Kwa hivyo ukimwambia mjukuu wangu "nenda sokoni ukashindane", naye aanza na gunia ambalo lilipimwa lumbesa kabla hajazaliwa.

---

KijanaTudor

Mzee, shikamoo. Hilo la 1908 sina jibu lake. Nimelisoma mara tatu. Vitabu nilivyosomea huanza pale mtu tayari ana mali yake.

---

NesiLikoni

Nimeamka. Mzee amenikumbusha feri. Leo asubuhi nimevuka Likoni na maelfu ya watu na hakuna aliyetoa senti, magari ndiyo hulipa. Feri hutoza magari, mtembea kwa miguu apita bure, na mji mzima wafanya kazi kwa sababu vibarua wafika kisiwani. Sijui kwa nini zahanati yangu isiendeshwe kwa fikra hiyo.

---

MamaWaViazi

Wazee wangu na wenzangu, nimefunga duka mapema nikakaa nikasoma yote.

Nilipofikia mimi ni hapa. Shule, KijanaTudor amenishawishi kwamba pesa za mtoto wa Moroto zimfuate alipo, na Mwalimu amenishawishi kwamba shule inayozipokea isichague watoto wala isidai nyongeza. Hospitali, dharura na kinga kama chandarua na chanjo zisiwe na dirisha la pesa kabisa, na yale ambayo mtu ana wiki mbili za kuulizia bei, hayo soko na lishindane, bei ukutani. Korti naiona kama mizani ya Kongowea. Sisi sote twauza na kununua, ila mwenye mizani asiwe na viazi vyake.

Hilo la dhamana, Karani, silijui la kufanya. Na ardhi ya Mzee ni kubwa kuliko kichwa changu cha leo.

Mwanangu wa pili bado yuko shule ya serikali, darasa la nne. Sijamhamisha, na baada ya maneno ya Mwalimu simhamishi kabla sijajaribu. Jumamosi kuna kikao cha wazazi. Nataka kuomba jambo moja tu, kila muhula iandikwe ubaoni nje ya ofisi: watoto ni kadha, mgao uliofika ni kadha, umetumika hivi. Mwalimu Chaki, niombeje ili mwalimu mkuu asione nimekuja kumshtaki?

---

Chaki_Mkononi

Usiombe peke yako. Tafuta wazazi watano, mmoja awe baba, na mwende ofisini Ijumaa kabla ya kikao, si siku yenyewe mbele za watu. Mwambie mwataka kumsaidia kuidai wizara, kwa sababu kiasi kilichofika kikiandikwa, kilichokosekana nacho chaonekana. Mwalimu mkuu mwema atafurahi.

Na ubebe chaki yako mwenyewe, mama. Yetu iliisha wiki jana.

---

MamaWaViazi

Nitabeba paketi mbili. Ijumaa saa nane, baada ya sala. Walio na watoto shule za huku Mishomoroni waniandikie faraghani, nimeshapata wanne.